Je, wajua? Kadi ya basi haina betri wala intaneti. Inakataje nauli?

Anayepanda teksi-basi mjini Goma anaijua shughuli ya nauli: noti ya franga 500 iliyochakaa inapita mikono mitatu mpaka imfikie konvoyeri, kisha hakuna mone. Akivuka bariyeri kuingia Gisenyi na kuendelea mpaka Kigali, anakuta mambo mengine. Kwenye mabasi ya mjini kule, abiria anagusisha kadi ya Tap&Go kwenye mashine mlangoni, mashine inalia, anaingia. Kadi yenyewe ni plastiki tupu, haichajiwi kama simu. Nguvu inatoka wapi? Na makuta yamekaa wapi?

Kadi za namna hii zina urefu wa milimita 85.6, upana wa 54, na unene wa 0.76 tu. Ndani mna chipu iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, na waya mwembamba uliozungushwa mara chache kufuata ukingo wa kadi. Ukipata kadi nyeupe isiyo na rangi nzito, iweke usiku mbele ya tochi ya simu: utaona mistari myembamba ikizunguka pembeni na kuishia kwenye doa dogo jeusi. Mistari hiyo ndiyo antena.

Mashine ya basi nayo ina waya wake uliozungushwa. Umeme unaopita humo huenda na kurudi mara 13,560,000 kwa sekunde, na kuzaa usumaku usiotulia. Usumaku huo ukipenya kwenye waya wa kadi, unazaa umeme ndani yake, na chipu inaamka. Kanuni hiyo aliionyesha mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani. Ila kwenye transfoma chuma kinaubeba usumaku kutoka waya mmoja hadi mwingine. Hapa ni hewa tu, kwa hiyo nguvu inapungua haraka sana. Ndiyo maana kadi inataka sentimita chache, na ikifika 10 hivi kwa kawaida haisikii tena.

Kujibu ni kazi nyingine, maana kadi haina nguvu ya kurusha mawimbi yake. Fikiria watu wawili walioshika kamba. Mmoja anaitikisa, mwingine anaibana na kuiachia. Yule anayetikisa anahisi mkononi kila inapobanwa. Kadi inafanya hivyo kwa kubadili kiasi cha umeme inaovuta, na mashine inasoma mabadiliko hayo kama herufi.

Sasa makuta. Kuna mifumo miwili, na abiria ana faida kubwa kujua kadi yake ni ya upi.

Katika mfumo wa kwanza, salio limeandikwa ndani ya chipu yenyewe. Chukua MIFARE Classic 1K, chipu iliyoenea sana kwenye usafiri: ina baiti 1,024 za kumbukumbu, zimegawanywa vyumba 16, kila chumba na funguo zake. Salio linaandikwa mara tatu mahali pamoja: mara mbili kwa kawaida, na mara moja kinyume, kila 0 ikiwa 1 na kila 1 ikiwa 0. Nakala tatu zisipolingana, chipu inakataa kuhesabu. Kadi ikigusa, inataja namba yake; kadi na mashine zinahakikishiana kwamba zote zina ufunguo uleule wa siri; mashine inasoma salio, inatoa nauli, inaandika salio jipya na kujiwekea rekodi. Yote hayo yanaisha chini ya nusu sekunde, bila mtandao. Rekodi zinatumwa ofisini baadaye. Kwa mji ambao mtandao unakuja na kwenda, huu ndio mfumo unaofaa zaidi.

Katika mfumo wa pili, kadi inabeba namba tu, na salio liko kwenye kompyuta ya kampuni, kama unite za simu. Kadi iliyosajiliwa ikipotea, inafungwa na salio linahamishiwa mpya bila shida. Lakini mtandao ukikatika, mashine haina pa kuuliza: inakukatalia, au inakupitisha na kukudai baadaye.

Makosa mengi yanatokea mlangoni. Kuiondoa kadi kabla mashine haijalia kunakatiza maandishi katikati. Iache itulie, usiipitishe kwa kasi. Kadi mbili ndani ya pochi moja zinajibu pamoja, na mashine inakosea au inagoma, basi itoe peke yake. Nyuma ya kadi pakiwa na sarafu au karatasi ya alumini, usumaku unamezwa. Na tafadhali usiitoboe kadi ili kuining'iniza shingoni: tundu la pembeni linakata antena, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Maji hayaidhuru kirahisi. Kukaliwa mfukoni na kupindwa ndiko kunakoua.

Na usalama? Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, walivunja siri ya MIFARE Classic, ambayo ufunguo wake una biti 48 tu, yaani tarakimu 48 za 0 na 1. Oyster, kadi ya usafiri ya London iliyoanza 2003 na chipu hiyo, baadaye ilihamia kwenye chipu yenye siri ngumu zaidi. Ofisi nazo zinalinganisha rekodi: kadi yenye salio lisilolingana na pesa iliyolipwa inaingizwa kwenye orodha ya kadi zilizofungwa, na orodha hiyo inatumwa kwenye mabasi.

Kutambua mfumo wa kadi yako, jaribu kuijazia kwa simu pale huduma hiyo ilipo. Salio likitumika papo hapo kwenye basi lolote, limekaa ofisini. Ukiambiwa kwanza upitishe kadi kwenye mashine fulani ili pesa "iingie", basi salio limo ndani ya chipu, na kadi isiyosajiliwa ikipotea, imepotea na pesa yake.