Mionzi ya nyutroni ni nini?

Mionzi ya nyutroni ni mtiririko wa nyutroni zilizochomoka katika viini vya atomu na kusafiri huru. Nyutroni, iliyogunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, ina uzito unaokaribiana sana na wa protoni lakini haina chaji ya umeme, na karibu tabia zake zote zinatokana na upungufu huo: elektroni haziizuii, hivyo hupenya hata vitu vizito mpaka igongane na kiini chenyewe.

Ndiyo maana bamba la risasi linalotosha kwa eksirei halifai kitu mbele ya nyutroni. Aliyecheza gololi utotoni anaijua sababu, kwani gololi ikigonga jiwe kubwa hurudi na kasi yake karibu yote, ila ikigonga gololi nyingine iliyo sawa nayo huiachia mwendo wake na kusimama. Kwa nyutroni, aliye sawa nayo ni kiini cha haidrojeni, ambacho ni protoni moja tu. Kwa hiyo maji, nta na plastiki huipunguza kasi, kisha boroni huimeza.

Mwili wetu nao, kwa bahati mbaya, umejaa haidrojeni. Protoni zinazosukumwa ndani yake huharibu chembe hai vibaya, hata dozi ya nyutroni ikahesabiwa kuwa na madhara mara 2.5 hadi 20 kuliko dozi ileile ya mionzi ya gama. Zaidi ya hayo, nyutroni iliyomezwa na kiini huweza kukifanya kitoe mionzi chenyewe: katika ajali ya Tokaimura, Japani, mwaka 1999, iliyoua wafanyakazi wawili, dozi ilikadiriwa kwa kupima sodiamu ya damu iliyogeuka kuwa sodiamu-24, aina yake inayotoa mionzi.

Huku kwetu Tanzania, tangu madini ya urani yalipotafutwa Bahi na Manyoni, neno mionzi huzua hofu ya jumla. Urani iliyo ardhini hutoa nyutroni chache mno. La kuangaliwa hapo ni vumbi na radoni, gesi yenye mionzi itokanayo na urani. Nyutroni za kujihadhari nazo zimo katika vifaa vya kupimia unyevu wa udongo, mashambani au kwenye ujenzi wa barabara, ambavyo hutambua maji kwa haidrojeni ileile inayozipunguza kasi. Vingi hutumia mchanganyiko wa amerisiamu-241 na beriliamu, ambao hauna swichi: kifaa kikizimwa, kikiibwa au kikitupwa jalalani, nyutroni huendelea kutoka, na nguvu ya mchanganyiko huo hupungua hadi nusu baada ya miaka 432 hivi.