Mizania ya gemu: maana yake mfumo wa levo unapofumuliwa

Kwenye kibanda cha kuchaji simu pale Mwanga, Kigoma mjini, dogo mmoja alifungua gemu yake ya kadi baada ya kupakua toleo jipya. Kadi aliyoipandisha kwa miezi mingi hadi levo ya mwisho haikuwa ya mwisho tena. Juu yake kulikuwa kumeongezwa ngazi.

“Kaka, wamenishusha,” akasema.

“Hawajakushusha, dogo. Namba yako si ileile?”

Wote wawili walisema kweli. Walichokosa ni kuelewana juu ya jambo moja: mizania.

Mizania ya gemu haimaanishi kila kitu kiwe na nguvu sawa. Ingekuwa hivyo, hakungekuwa na haja ya kuchagua. Maana yake ni kwamba kila chenye nguvu kina gharama yake na dawa yake: jitu linalobomoa ukuta linatembea polepole, mpiga mishale wa mbali anakufa kwa pigo moja. Kitu kimoja kikikosa dawa, kila mtu anakikimbilia na mechi zote zinafanana. Hapo watengenezaji hukipunguza makali, au huyaongeza makali ya vile vilivyoachwa. Kwa Kiingereza, kupunguza makali kumepewa jina la Nerf, midoli ya sponji ya Marekani. Upanga wako ukishapunguzwa, unajiona unapigana kwa sponji.

Kupunguza makali ya kadi moja ni kazi ndogo, na ikikosewa inarekebishwa. Kufumua mfumo mzima wa kupandisha levo ni jambo jingine, kwa sababu unagusa kila kitu kwa mara moja.

Chukua mfano. Tuseme kila levo inaongeza asilimia 10. Askari wako ana uhai 100, jiwe la mpinzani linapiga 100. Mkiwa levo sawa, jiwe moja linamuua. Askari akipanda levo moja ana uhai 110, anabaki na 10, na sasa linahitajika jiwe la pili. Ongezeko ni asilimia 10 tu kwenye karatasi, lakini uwanjani mpinzani amelipa gharama mara mbili. Levo tatu zikipishana, tofauti inafika theluthi moja. Hii ndiyo sababu mtu anayesema “ni levo moja tu” hajaangalia kinachotokea kwenye mechi.

Ila si kila mabadiliko ya namba ni mabadiliko ya nguvu, na hapa ndipo ubishi mwingi hupotelea. Clash Royale, gemu ya Supercell ya Finland iliyotoka 2016, ilikuwa na kadi za kawaida zenye levo 13 na kadi adimu kuliko zote zenye levo 5. Mwaka 2018 hesabu ikapangwa upya: kadi hizo adimu zikaanzia levo ya 9 badala ya 1, ili zote ziishie 13. Namba iliruka, nguvu ikabaki palepale. Baadaye ikaongezwa levo ya 14 mwaka 2021, kisha ya 15 mwaka 2023. Hiyo ni habari tofauti kabisa. Aliyekuwa kileleni alijikuta ana mlima mpya mbele yake.

Kwa hiyo neno mizania linabeba maswali mawili. La kwanza ni la nguvu: je, kadi hii bado ina dawa? La pili ni la jasho: aliyelipa kwa mfumo wa zamani, kwa fedha au kwa muda, amebaki na nini? Sisi wa Kigoma tunalijua hili bila gemu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katazo lilikuwa moja na lengo lilikuwa samaki wapumue. Lakini aliyekuwa ametoka kukopa ili anunue nyavu hakuumia sawa na asiyedaiwa.

Ndiyo maana fidia ni sehemu ya mizania, wala si hisani. Mwaka 2017 League of Legends, gemu ya mapambano ya kompyuta, ilifuta mfumo wake wa zamani wa runi, yaani nyongeza ndogo za nguvu kwa shujaa wako, ambazo mchezaji alizinunua moja moja kwa sarafu za ndani ya gemu, ikaleta mpya wa bure kwa wote. Mgeni alipata nafuu kubwa. Waliokuwa wamenunua za zamani walilipwa vitu vya ndani ya gemu. Mimi naona huo ndio mwelekeo sahihi: mlango ufunguliwe kwa wageni, na wenyeji wasivuliwe nguo.

Pale kibandani kaka alichomoa simu yake kwenye chaji, wakacheza mechi ya kirafiki, ambayo levo za wote husawazishwa. Dogo akashinda kwa raha. Kisha akaingia mechi za kupanda daraja, akapangiwa mtu mwenye levo ile mpya. Jiwe lake likamwangukia askari wa yule mtu, askari akabaki na kamstari kembamba kekundu ka uhai, akaendelea kutembea hadi kwenye mnara wa dogo.

“Umeona?” dogo akauliza.

Kaka akaiangalia skrini. “Nimeona. Sasa hebu tuangalie hiyo levo inahitaji dhahabu kiasi gani.”