Injini kubwa pekee haifanyi Mini yako iwe gari ya mbio

Hapa Nakuru hii stori nimeisikia tangu nikiwa kijana: chukua Mini ya zamani, weka injini kubwa ya kutoka gari lingine, basi umemaliza. Hapana jameni, hujamaliza, umeanza tu.

Mini ya kwanza ya 1959 ilikuwa na injini ya cc 848 (huo ndio ukubwa wa injini), nguvu za farasi kama 34, na breki za dramu magurudumu yote manne. Ilipofika 1961 wakatoa Mini Cooper, cc 997, farasi 55, na angalia hapa, hawakuongeza nguvu wakaacha breki vile zilikuwa, mbele waliweka breki za diski, zile zinapoa haraka kuliko dramu. Na hiyo ni farasi 21 tu zimeongezeka, sasa wewe unaweka mara mbili ya hiyo na dramu ni zile zile za babu?

Spidi ikiwa mara mbili, kazi ya breki inakuwa mara nne. Shuka nayo ule mteremko wa Sachangwan ukielekea Salgaa, ukikanyaga mara kwa mara dramu zinapata moto, pedo inaenda chini na gari haishiki, unasikia tu harufu ya kuungua.

Halafu giaboksi. Kwa Mini ya zamani imekaa chini ya injini na zinashea oili moja, kwa hivyo injini ngeni inakuja na giaboksi yake, mauntini mpya (vile vishikio vya injini), drive shafti za kuzungusha magurudumu, na rejeta kubwa. Fundi mzuri atakuambia tuanze na breki. Msikize.