Taa ya upepo wa matairi haijawaka? Usiridhike bado

Dhana: Taa haijawaka, kwa hiyo upepo unatosha.

Hii ndiyo inayoponza wengi. Taa ile kazi yake ni kuonya, si kupima. Kanuni za Marekani, ambazo tangu Septemba 2007 zinahusu magari mapya yote madogo, zinataka iwake upepo ukiwa umeshuka asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Tairi linalostahili psi 32 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) laweza kukaribia 24 taa ikiwa kimya, na muda wote huo linalika pembeni, linapata joto na kukulia mafuta.

Geji basi haina mbadala. Pima angalau mara moja kwa mwezi, matairi yakiwa baridi, yaani gari limeegeshwa kwa saa tatu au zaidi. Kiwango kisome kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, ingawa wapo wanaojazia hiyo hiyo kila siku.

Na taa yenyewe ikaguliwe. Ukiwasha swichi ya gari inapaswa kuwaka kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa, ukimya wake hauna maana yoyote.

Dhana: Mifumo yote inayowasha taa hii ina sensa, yaani kifaa cha kuhisi upepo, ndani ya tairi.

Ipo ya aina mbili. Wa kwanza una sensa kwenye kila gurudumu, mara nyingi imeungana na valvu, inayotuma kipimo kwa redio. Kuukagua, fundi huamsha kila sensa kwa kifaa chake, kisha hulinganisha namba anayoiona na ya geji.

Wa pili haupimi upepo hata kidogo. Unategemea sensa za ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, ambazo husoma kasi ya kila gurudumu: tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta hushuku. Matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, mfumo wa namna hii unaweza usishtuke. Kibaya zaidi ni kuuriseti kabla ya kujaza upepo ili tu taa izime. Hapo umeufundisha kwamba upungufu ule ndiyo hali ya kawaida. Jaza kwanza, riseti baadaye.

Dhana: Taa kumweka (kuwaka na kuzima haraka haraka) au kuwaka moja kwa moja, yote ni mamoja.

Hapana. Ikiwaka na kubaki hivyo, tafuta tairi lenye upungufu. Katika magari mengi, ikimweka kwa dakika moja hivi ndipo itulie huku ikiwaka, mfumo wenyewe una hitilafu, na kuongeza upepo hakutasaidia.

Dhana: Ikiwaka asubuhi na kuzima mchana, sensa ni mbovu.

Huenda ni nzima kabisa. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, presha hupungua takriban psi 1. Tairi lililo mpakani huvuka alfajiri, kisha hurudi likipata joto barabarani. Dawa ni upepo.

Dhana: Betri ya sensa ikiisha unabadilisha betri tu.

Kwa kawaida imefungiwa humo humo, hudumu miaka 5 hadi 10, na ikiisha hununuliwa sensa nzima. Ukiwa unabadilisha matairi ya gari la umri huo, mwambie fundi azisome sensa kabla hajayafunga, maana kulivua tairi tena kwa ajili ya sensa ni gharama juu ya gharama.

Spea nayo mara nyingi haina sensa. Hiyo ni ya geji peke yake.