Ala za elektroniki kwa wasiojua kupiga: noti nimezifunga, mapigo nimeyaacha

Ninapotengeneza ala za elektroniki kwa watu ambao hawajawahi kupiga chombo chochote, swali linalonichukulia muda mrefu ni kiasi gani chombo kimsaidie mpigaji. Visanduku ninavyotumia hapa Dodoma ni vya mbao, na kila kimoja kina vibati viwili vya shaba. Kidole kikigusa kibati, kompyuta ndogo iliyomo ndani hutoa noti moja. Nimezigawa noti hivyo kwa makusudi, kwa kuwa aliyepewa zote hupiga peke yake hata akiwa katikati ya wenzake, ilhali mwenye mbili hulazimika kumsikiliza jirani ili wimbo ukamilike.

Noti zenyewe sikuzitoa kwenye piano. Muziki wa Wagogo, ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha mbali kwa zeze na ilimba (ala ya vibati vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), hufuata sauti za asili za uzi unaotetema, hivyo nimepanga noti tano kwa uwiano wa 6, 7, 8, 9 na 10, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 300, 350, 400, 450 na 500. Hatua ya kutoka 350 hadi 400 ni pana kuliko toni nzima ya piano, kama ile ya kutoka do hadi re. Mzee mmoja aliyezoea ilimba hakuhitaji maelezo hayo. Aligusa mara mbili, akaanza kuimba.

Mapigo sikuyagusa. Programu inaweza kusogeza kila mguso uangukie mahali pake, nami nilijaribu: kikundi kilisikika safi, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikaiondoa.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa spika ya Bluetooth. Wimbo ulianza vizuri, kisha ukazidi kupoa hadi ukakaribia kusimama, nami (naona aibu kusema) niliwalaumu wapigaji moyoni. Kumbe sauti ilichelewa zaidi ya milisekunde 100, na kila mmoja alikuwa akiisubiri ndipo aguse tena. Nilirudi kwenye waya, na sasa sikubali ichelewe zaidi ya milisekunde 10, muda ambao sauti husafiri hewani kama mita tatu na nusu, umbali wa kawaida kati ya watu walioketi duara.

Kilichobaki ni mlio, ambao bado ni safi mno. Ilimba huzibwa vitundu vyake kwa utando wa buibui ili ivume. Mimi kwa sasa nimebandika kipande cha mfuko mwembamba wa plastiki mbele ya spika, na wapigaji wameanza kugombania kisanduku hicho.