Breki "kuingia upepo": upepo upi?

Juzi nilikuwa stendi hapa Mtwara, dereva wa Noah akawa anawaeleza abiria kwamba kachelewa kwa sababu breki "ziliingia upepo". Mwenzake akadakia: ndiyo maana oili ya breki ilikuwa inapungua kila siku. Abiria wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza, maana ukianza kusahihisha watu stendi hutafika nyumbani. Ila nimeshalisikia mara nyingi mno.

Maana yake kwanza, kwa haraka. Breki ya gari dogo inatumia majimaji. Ukikanyaga pedeli, masta silinda inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye magurudumu. Majimaji hayabonyei, hewa inabonyea. Kiputo kikinasa humo, nguvu ya mguu wako inaishia kukiminya chenyewe badala ya kubana diski. Pedeli inakuwa kama sponji, na ukiipampu mara mbili tatu inapanda. Huko ndiko kuingia upepo. Dawa yake ni kuutoa: mmoja anapampu na kushika, mwenzake yuko chini anafungua skurubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki ya gurudumu na kuifunga kabla mguu haujaachia, na chupa ya majimaji iliyo juu ya masta inaongezwa isikauke, la sivyo mnaanza upya.

Sasa neno lenyewe. Upepo ni hewa inayokwenda: kusi, kaskazi, matlai. Kiputo kilichonasa bombani hakivumi popote, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili angetaka tuseme hewa. Sigombani na mafundi kwa hilo. Tairi nalo tunalijaza upepo na hakuna aliyelalamika. Kinachoniudhi ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa mizigo ambayo si yake.

Kuna breki za upepo, za semi zinazoshusha korosho bandarini. Kule upepo ndiye mfanyakazi: kompresa inaujaza kwenye matangi, na ukiisha, springi zinabana magurudumu. Lori likikosa upepo linagoma kutembea. Noah ikipata upepo inagoma kusimama. Nimewahi kumsikia mtu mzima akishauri gari dogo "lijazwe upepo wa breki". Ndugu yangu, hapana.

Halafu kuna pedeli inayozama, na hii ndiyo iliyonitoa pesa. Gari langu lilikuwa hivi: nikikanyaga, pedeli inashika vizuri tu, ngumu. Nikiendelea kuikalia, inashuka taratibu kama mtu anayesinzia, mpaka chini. Gereji moja wakatoa upepo. Baada ya wiki wakatoa tena. Hakukuwa na upepo wowote. Kiputo hakizamishi pedeli taratibu. Kinailainisha tangu mwanzo. Pedeli inayozama inamaanisha majimaji yanatoroka. Kama chupa inapungua, yanatoka nje: tazama ndani ya matairi, kwenye kalipa (kile kinachobana diski), kwenye silinda za magurudumu ya nyuma, kwenye hozi. Kama chupa haipungui hata tone, kama langu, mara nyingi raba za ndani ya masta zimelika na majimaji yanapita pembeni yake kurudi yalikotoka. Hapo ni kubadili raba au masta nzima. Kutoa upepo hakusaidii, na kunaweza kuharibu zaidi: kwenye gari la zamani, kupampu mpaka sakafuni kunazipeleka raba sehemu ya silinda ambayo hazijazoea kufika, yenye kutu na uchafu, zikachanika. Na gari la namna hiyo halipelekwi gereji kwa kuendeshwa pole pole. Linavutwa.

Wa mwisho ni mvuke, nao huku kwetu unastahili maelezo. Ile tunayoita oili ya breki si oili hata kidogo. Ni kimiminika kinachofyonza unyevu, na ukikosea ukamimina oili ya injini, raba zote zinavimba. DOT 3, aina mojawapo ya majimaji hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Ikishakunywa maji kiwango hicho kinakuwa 140. Sasa chukua gari lililokaa miaka kwenye unyevu wa pwani bila kubadilishiwa, lipakie, kisha lishushe kutoka Newala kwenda Masasi huku dereva kaukalia mguu wa breki mteremko mzima badala ya kushuka na gia ndogo. Maji yanachemka, mvuke unajaa bombani, pedeli inakwenda chini. Akibahatika kusimama na breki zikapoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inakaza. Kesho yake fundi haoni kitu, na dereva anatangaza kwamba upepo "ulitoka wenyewe". Haukutoka, kwa sababu haukuwepo. Na yale maji bado yamo, yanasubiri mteremko mwingine. Hapo unabadilisha majimaji yote, si kuongezea juu.

Na kabla hujaanza kushuku lolote: ukikanyaga pedeli injini ikiwa imezimwa, kisha ukawasha na ikashuka kidogo halafu ikatulia, gari ni zima. Hilo ni busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, limeanza kukusaidia.

Sisemi tuache kusema upepo. Mimi mwenyewe nitaendelea kulisema. Ila ukifika kwa fundi, jina la ugonjwa mwachie yeye alitafute. Wewe mwambie ulichokisikia mguuni: "Laini tangu mwanzo, nikipampu inapanda," au "Inashika, halafu inazama nikiikalia," au "Ililegea mlimani, ilipopoa ikarudi." Na chupa umeiona inapungua au haipungui. Kwa yule dereva wa Noah, oili inayopungua kila siku ni kuvuja, kaka. Upepo, kama umo, uliingia pale chupa ilipokauka.