Usiizike kadi ya grafiki kabla ya kupima pawa saplai

Kompyuta nyingi za mezani zinazoletwa kwangu hapa Mwanga, Kigoma, huja na hukumu tayari: "Fundi, kadi imekufa." Bila kadi mashine inawaka vizuri. Ukichomeka kadi ya grafiki, ama haiwaki kabisa, ama feni zinazunguka na monita inabaki nyeusi. Mwenye mali ameshaulizia bei ya kadi nyingine Kariakoo. Mara nyingi kadi ni nzima, na mgonjwa ni mwingine.

Mimi huanza na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Mashine tunazouziana huku ni za ofisi, zimetumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 240. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu inatosha na kubaki. Sasa kijana anayehariri video za harusi anaipachikia kadi yenye plagi ya pini 8. Sloti ya PCIe, yaani mahali kadi inapochomekwa kwenye madabodi (bao kuu la mashine), inatoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Yaani kadi hiyo inaruhusiwa kuvuta hadi wati 225 peke yake, na prosesa bado haijala. Pawa saplai inajilinda: feni zinazunguka kidogo, zinakata, zinaanza tena, zinakata. Ukiona hivyo, achana na draiva. Tatizo ni umeme, na hakuna programu itakayolitibu.

Hapo ndipo watu huleta adapta. Kuna zile za bei ya chini zinazochukua umeme kwenye plagi ya SATA ya diski na kuupeleka kwenye pini 8 za kadi. Sizifungi, hata mteja akinuna. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54. Ukiidai 150, plastiki inayeyuka. Na usifikiri utabadilisha pawa saplai kirahisi, kwani mashine nyingi za ofisi zina umbo lake na plagi zake. Ya kawaida ya dukani haiingii. Kwa mashine za namna hii nashauri kadi isiyo na plagi ya umeme: GT 1030 inakula wati 30, na GTX 1050 Ti wati 75, ila uchague toleo lisilo na plagi, tena lile fupi kwa kimo.

Pawa saplai inaweza kuandikwa wati 500 na bado ikashindwa. Umeme wa kupanda na kushuka pamoja na joto huzichosha kapasita zake. Pima kwa maltimita waya wa njano, ule wa volti 12, wakati mashine inajaribu kuwaka na kadi ikiwa ndani. Isishuke chini ya volti 11.4 wala kupita 12.6. Ukipima bila mzigo utaona 12 safi na utadanganyika.

Umeme ukiwa sawa, bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima unapobonyeza, ni dalili nzuri kwamba mashine imeshaamka, picha tu ndiyo imepotelea njiani. Angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Kwenye mashine nyingi, ukishapachika kadi, tundu la VGA la madabodi linazimwa lenyewe. Inachekesha, lakini wapo wanaosafiri kutoka Kasulu na mashine mzigoni kwa sababu ya waya huo.

Kama waya uko mahali pake, sasa shuku BIOS, programu ya madabodi inayoiamsha mashine. Kadi nyingi zilizotoka kabla ya 2012 hazijui UEFI, njia mpya ya kuamsha mashine, kwa hiyo mashine iliyozimiwa CSM (sehemu inayoruhusu njia ya zamani) haitaonyesha kitu. Toa kadi, washa kwa picha ya madabodi, ruhusu CSM, kisha irudishe. Acha UEFI ibaki ya kwanza, maana Windows iliyosimikwa kwenye diski ya GPT (iliyogawanywa kwa mtindo mpya) haitawaka kwa njia ya zamani. Kinyume chake kipo pia: madabodi kuukuu na kadi mpya, ambapo dawa huwa ni toleo jipya la BIOS.

Vumbi jekundu la huku na unyevu wa Ziwa Tanganyika navyo vina lao. Zima, chomoa waya wa ukutani, sugua meno ya kadi taratibu kwa ufutio, pangusa kwa spiriti, irudishe hadi kile kibana cha sloti kilie. Mashine iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na kadi nzito ndani huwa imechezacheza njia nzima. Kadi isafiri ikiwa imetolewa nje ya boksi la kompyuta.

Nikifika hapo bado giza, kadi naihamishia kwenye mashine nyingine yenye pawa saplai ya kutosha. Ikigoma na huko, ndipo tuzungumze habari ya kadi mpya. Ila kabla hujatuma hela, pima nafasi ndani ya boksi lako, kwa sababu kadi ya feni tatu haiingii kwenye OptiPlex nyembamba hata ukate bati.